Spika nzito darini: Jipsamu haibebi mzigo

KUTUNDIKA spika kubwa ukutani au darini huokoa nafasi katika sebule finyu za mijini, lakini usalama wake hutegemea kile kilichojificha nyuma ya rangi.

Dari ya jipsamu ni unga ulioganda kati ya karatasi mbili. Kazi yake ni kuficha kenchi, si kubeba mzigo. Spika ya kilo 15 iliyofungwa kwenye jipsamu pekee yaweza kung'oka na kumwangukia aliyeketi chini, pengine mtoto. Boliti sharti zifike kwenye mbao za kenchi zenyewe.

Ukuta wa matofali ya saruji ni afadhali, ingawa plasta peke yake haishiki kitu. Umbali nao huongeza mzigo: kitovu cha uzito wa spika hiyo kikiwa sentimita 30 kutoka ukutani, na boliti za juu na za chini zikiachana sentimita 20, zile za juu huvutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 22.5.

Mtikisiko wa besi nao hulegeza nati taratibu. Zikaguliwe mara kwa mara, na spika ifungwe mnyororo wa akiba ulioshikizwa kwenye boliti yake yenyewe.