Demensia Haina Dawa ya Kuponya, Ila Tiba Ipo

Demensia haiponi. Kwa sababu hiyo wengi huona kwamba mtu akishagundulika, kilichobaki ni kumtunza na kungoja. Fikra hiyo inapima tiba kwa kipimo kimoja tu, cha kupona, wakati katika hatua za mwanzo mgonjwa bado anajieleza, anatania, na anajifunza akielekezwa taratibu. Uwezo huo ndio uliotumiwa Uingereza na mtafiti Aimee Spector na wenzake, katika jaribio la watu 201 lililochapishwa mwaka 2003. Wagonjwa walikutana kwa vikundi mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila kikao, kwa wiki saba, wakizungumzia chakula, utoto au habari za siku. Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni namna ya kuuliza. Mzee haulizwi sarafu ya zamani ni ya mwaka gani. Anapewa aishike, kisha anaulizwa enzi hizo angeinunulia nini. Swali la kwanza humwaibisha anayelikosa, la pili halikoseki. Mapitio ya majaribio 37 ya tiba ya aina hii yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba nafuu ya akili inayopatikana ni kama kuchelewesha kuzorota kwa miezi sita hivi. Ni nafuu ndogo, lakini ni ya kweli.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Wazungu waliosoma atazame wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Huko tiba hiyo ilirekebishwa iwafae wazee ambao wengi wao hawakusoma sana, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya akili na ya hali ya maisha, ingawa washiriki walikuwa 34 tu. Pingamizi zito zaidi ni la familia: tukimwambia ana demensia, tutamvunja moyo. Huenda akahuzunika, na ushauri nasaha upo kwa ajili hiyo. Lakini asipoambiwa sasa, mambo ya wosia, shamba na nani amuuguze yataamuliwa na wengine wakati yeye hawezi tena kusema neno. Hata hivyo mshauri asiahidi makubwa. Mtafiti Linda Clare na wenzake waliwafundisha wagonjwa mambo waliyoyachagua wenyewe, na mwaka 2019, katika jaribio la watu 475, malengo hayo yalifikiwa vizuri. Huzuni na ubora wa maisha havikubadilika. Aliyejifunza upya kupiga simu, basi, anaweza kumpigia mwanawe, na bado akahitaji mtu wa kuzungumza naye juu ya hofu yake.