Nta ya Nyuki na Nta ya Mimea katika Mafuta ya Midomo

Mwanachama wetu mmoja aliyeko Mkuyuni, Mwanza, kwa bintiye, ametuletea barua pamoja na kikopo cha mafuta ya midomo aliyoyapika mwenyewe. Upepo wa ziwani wakati wa kiangazi hupasua midomo, na majirani walikuwa wakinunua. Kisha mteja mmoja akataka vikopo 40, kwa sharti visiwe na nta ya nyuki, kwani yeye hatumii kitu kitokacho kwa mnyama wala mdudu. Mwenzetu akaagiza nta ya karnauba, akaitia kwa kipimo kile kile cha nta ya nyuki. Mafuta yakatoka magumu kama mshumaa, yana chembechembe, na vikopo vyote vikarudi. Auliza kosa liko wapi.

Kosa ni la kipimo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 65 za sentigredi, nayo ni laini, hushika ngozi. Karnauba hutoka katika majani ya mti wa Brazili ulio ukoo mmoja na mnazi, ndiyo itiwayo katika dawa ya kung'arishia motokaa, na haiyeyuki mpaka ifike digrii 82 au zaidi. Iko na kandelila, ya kichaka cha Meksiko cha ukoo wa minyaa ile ya nyua za Usukuma; hiyo huyeyuka karibu na digrii 70. (Asije mtu akachemsha minyaa! Utomvu wake huunguza macho.)

Basi kwa gramu 100 za mafuta ya midomo, ambapo ungetia nta ya nyuki gramu 20, mafuta ya nazi 50 na ya mbarika 30, tia kandelila gramu 10, au karnauba gramu 6 au 7 tu. Upungufu ujazwe kwa mafuta ya mbarika, ambayo ni mazito na huipa nta ya mimea ule mshiko inaoukosa. Pimeni kwa mizani, si kwa kijiko, maana nta hii huuzwa kwa magamba mepesi na kijiko hudanganya.

Zile chembechembe huja pale nta iliyoyeyuka inapomiminiwa mafuta baridi, ikaganda kabla ya kuchanganyika. Nta na mafuta viyeyushwe pamoja, katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji. Mkuyuni iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 1,100, na maji huko huchemka kwenye digrii 96 hivi. Yatosha kwa karnauba, lakini lazima yachemke kweli kweli. Kuchemka nusu nusu hakufai.

Tena kuna jambo la hali ya hewa. Mafuta ya nazi huganda chini ya digrii 24 hivi. Asubuhi ya Mwanza huyakuta yameganda, hali Wete adhuhuri ni maji matupu. Kwa hiyo tone la kujaribia, lililopozwa juu ya kisahani, litazameni asubuhi na tena mchana kabla hamjajaza vikopo.

Kikopo tulichopelekewa tulikijaribu wenyewe, kikatuwasha midomo. Barua yasema alitia matone 30 ya mafuta ya karafuu kwa kila gramu 100. Twajua sote tunavyoipenda harufu hiyo, lakini sehemu yake kubwa ni yujeno, ile ile inayotumiwa na madaktari wa meno kufisha ganzi, na midomo ni laini. Matone 10 yasizidi, na kwa watoto msitie kabisa.

Vile vikopo 40 visitupwe. Vile ambavyo havijatiwa vidole viyeyushwe tena, na kila gramu 100 zitiwe gramu 200 za mafuta ya nazi na mbarika bila ya karafuu. Nta itashuka kutoka gramu 20 mpaka karibu 7 kwa mia, karafuu kutoka matone 30 mpaka 10, na vikopo 40 vitakuwa 120.

Kwa majirani wasioweka sharti, sisi twaona aendelee na nta ya nyuki ya Tabora, ambayo reli yake imefika Mwanza tangu 1928. Ila sufuria zisichanganywe, na kila kikopo kiandikwe nta iliyomo.