Kabla ya kulipa tiketi ya boti, tazama ubavu wake

LUBUMBASHI – Wasafiri wengi wanaotoka Lubumbashi kwenda Moba, Kalemie au Uvira wakifika ziwani huchagua boti kwa bei, na wengine kwa rangi. Rangi haielei.

Mnamo Desemba 2014, MV Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika, ikaua watu wasiopungua 129. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka Goma, karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Ilikuwa ya kubeba watu wapatao 80. Gavana wa Kivu Kusini alisema ndani walikuwemo 278.

Basi la kwanza ni ubavu. Ikiwa boti ingali imefungwa bandarini na juu ya maji umebaki upana wa kiganja tu, wimbi la katikati ya ziwa litaingia bila kubisha. Kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini huchafua Tanganyika kweli kweli.

Kisha mizigo. Magunia ya ndagala yakae chini kabisa. Yakipangwa juu ya paa, boti inakuwa nzito kichwani, na wimbi moja la ubavuni linaipindua.

Jile za kuokoa maisha nazo: mwaka 2019, baada ya ajali ya Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae. Bandarini utazikuta mara nyingi zimefungwa kamba kwenye nguzo. Omba yako mkononi kabla ya kutoa franka.