Benjamin Warf na Watoto wa Mbale

Mwaka 2012 Wakfu wa MacArthur wa Marekani ulimtunuku Benjamin Warf, bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto, dola 500,000. Tuzo hiyo haiombwi: majina hupendekezwa kwa siri, na anayeteuliwa hapangiwi namna ya kuzitumia fedha. Kilichomfikisha hapo ni kazi aliyoianzia Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001. Ili kuianzisha, Warf aliacha nafasi yake katika chuo kikuu cha Kentucky, akahamia Uganda na mkewe na watoto wao sita.

Ugonjwa alioukuta huko unajulikana sana Afrika Mashariki. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinavyotengeneza maji. Maji hayo huzunguka, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Njia yake ikiziba, maji hujaa na kuubana ubongo. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka. Ndio hao wanaoitwa watoto wenye vichwa vikubwa, na wengine huzaliwa pia na mgongo wazi. Katika jamii nyingi mama bado huambiwa amerogwa au amelaaniwa, na muda anaoupoteza akizunguka kwa waganga ndio huohuo ambao ubongo wa mwanawe unazidi kuumia.

Tiba iliyozoeleka duniani ni mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi, kutoka ubongoni hadi tumboni, ili kuyatoa maji. Mrija huokoa maisha, lakini huziba au huingiwa na vijidudu, na hapo mtoto huhitaji kupasuliwa tena haraka. Kwa mzazi anayeishi jirani na hospitali kubwa hilo ni jambo zito. Kwa mzazi wa kijijini asiye na nauli, linaweza kuwa kifo cha mtoto.

Warf akatafuta njia isiyomfunga mtoto kwenye mrija maisha yake yote. Upasuaji wa kutoboa tundu dogo katika sakafu ya chumba kimojawapo cha ubongo, kwa kutumia kamera nyembamba, ulikuwepo tayari, ila kwa watoto wachanga mara nyingi haukutosha. Aliongeza hatua ya pili: kuunguza sehemu ya tishu zinazotengeneza maji hayo. Hivyo maji hupata njia mpya, na kiasi chake hupungua. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550 wa Kiafrika. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaulu kwa asilimia 47. Hatua zote mbili pamoja zilifaulu kwa asilimia 66.

Uzito wa heshima aliyopewa uko hapo. Kwa kawaida ujuzi wa upasuaji hutoka nchi tajiri kuja Afrika. Huu ulizaliwa Mbale kwa sababu ya shida za Mbale, kisha ukapelekwa Boston, ambako Warf aliendelea kufanya kazi, na hospitali nyingine za Amerika Kaskazini zikaufuata.

Wala haukuachwa bila kupimwa. Jaribio lililofanyika Mbale na kuchapishwa mwaka 2017 liliwagawa watoto 100 kwa bahati nasibu kati ya mrija na njia mpya. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa familia iliyo mbali na hospitali, matokeo hayo yana uzito: yanadokeza kwamba mtoto anaweza kuendelea vizuri bila kifaa kinachoweza kuziba usiku wa manane.

Warf aliondoka Uganda mwaka 2006, na hospitali haikuyumba, kwani John Mugamba, daktari wa Uganda aliyefunzwa naye, alishika uongozi wa tiba. Sifa ya kazi hii ni yao wote.

Liko pia swali la chanzo. Warf alibaini kwamba takriban asilimia 60 ya wagonjwa wa Mbale walipata ugonjwa huo baada ya maambukizi, hasa ya siku za mwanzo za maisha, ambayo yangeweza kuzuilika. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza maji ya ubongo ya watoto wa Uganda waliwagundua bakteria wa jamii ya Paenibacillus kwa wengi wa waliougua kwa njia hiyo.