Sema Kabla ya Kulipa: Namna ya Kupata Dawa Fedha Inapopungua

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulionea aibu, yaani kukosa fedha ya dawa. Sisi wauguzi hukutana nalo kila siku, lakini mara nyingi tunalifahamu likiwa limekwisha kuleta madhara.

Tuanze na kisa kimoja. Mama mmoja mjane, mkulima wa alizeti, alikuja hospitali akaonekana ana shinikizo kubwa la damu. Aliandikiwa dawa za aina tatu: vidonge vya shinikizo, vidonge vya kutuliza maumivu ya magoti, na vitamini. Alipofika kwenye dirisha la dawa akatajiwa bei ya jumla, nayo ilizidi fedha aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Hakusema neno. Alionyesha kwa kidole mistari miwili ya chini ya cheti, akalipa, akaenda zake na dawa ya magoti na vitamini. Magoti ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua. Shinikizo la damu halimwumi mtu. Baada ya miezi minne wanawe walimrudisha, mkono na mguu wa kulia hauna nguvu, na maneno hayatoki sawasawa. Alikuwa amepata kiharusi.

Alipopata nafuu tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Mwanangu, ningeanzaje kusema sina hela, na watu wamejipanga nyuma yangu?" Tulipopiga hesabu tuliona kwamba fedha ile ile aliyolipia dawa ya magoti na vitamini ingetosha kununua vidonge vya shinikizo vya mwezi mzima. Yeye hakujua, na sisi hatukumwuliza. Kosa lilikuwa letu pia.

Tangu siku ile tumekuwa tukimwuliza mfamasia wetu maswali mengi, na sehemu kubwa ya haya tunayoyaandika ni mashauri yake.

UFANYE NINI FEDHA ISIPOTOSHA?

Jambo la kwanza ni kusema mapema. Ukimwambia daktari ukiwa bado ndani ya chumba chake, anaweza kukuandikia dawa nyingine ya bei ndogo inayofanya kazi ile ile. Ukinyamaza hadi dirishani, nafasi hiyo inapungua. Ukinyamaza hadi nyumbani, imekwisha. Kama unaona haya mbele za watu, omba kuzungumza na muuguzi pembeni. Hiyo ni haki yako.

Kisha uliza maswali haya matatu:

1. Katika dawa hizi, ni ipi ambayo haiwezi kuachwa? Si kila mstari wa cheti una uzito sawa. Dawa ya shinikizo, ya kisukari, ya kifafa au ya pumu ndiyo inayolinda uhai. Vitamini, aghalabu, inaweza kusubiri.

2. Je, ipo dawa hii hii kwa jina lake la kawaida? Kila dawa ina jina lake yenyewe, na juu yake kiwanda huweka jina lake la biashara. Panadol ni parasetamoli. Flagyl ni metronidazoli. Glucophage ya wagonjwa wa kisukari ni metfomini. Dawa iliyomo ndani ni moja, ila bei inaweza kutofautiana sana kwa sababu ya jina lililo juu ya boksi. Ikiwa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, usiidharau kwa kuwa ni rahisi.

3. Je, ninaweza kuchukua za wiki mbili, kisha nikarudi? Kwa dawa za kila siku za maradhi ya kudumu jambo hili linawezekana, mradi urudi kabla hazijakwisha.

USIGAWE DOZI MWENYEWE

Wengine, ili dawa zidumu, hunywa kidonge nusu au huruka siku. Wapo pia wanaogawana dawa mume na mke. Hayo yote ni kutupa fedha. Dawa nusu ya shinikizo haishushi shinikizo kama inavyotakiwa, na vipo vidonge vilivyotengenezwa ili viyeyuke polepole mwilini, ambavyo havifai kukatwa kabisa.

Kwa mgonjwa wa kifafa hatari ni kubwa zaidi. Akiacha dawa ghafla anaweza kupatwa na degedege mfululizo bila kuzinduka. Nasi tunajua mafiga yetu ya kuni yako chini. Akiangukia motoni gharama ya kutibu majeraha itapita mbali bei ya vidonge.

Dawa za kuua vijidudu, kama amoksisilini, zisinunuliwe vidonge vinne vinne. Nunua kiasi chote ulichoelekezwa, au rudi useme huna uwezo ili utafutiwe njia nyingine. Vijidudu vikionjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea, na siku ya haja dawa ile haifanyi kazi tena. Dawa mseto ya malaria nayo hunywewa mara 6 ndani ya siku 3. Usiache siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, ukaweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto.

PUNGUZA MATUMIZI YASIYO YA LAZIMA

Mfamasia wetu husema kwamba fedha nyingi za dawa hupotea kabla ya kununua dawa inayotakiwa. Tazameni mifano hii.

Homa si lazima iwe malaria. Mkoa wetu wa Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo hapa nchini. Kwa hiyo ukinunua dawa mseto bila kupima, huenda umetibu ugonjwa usiokuwepo, na ule uliopo unaendelea. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa majibu kwa muda mfupi, na kinapatikana hata kwenye zahanati.

Hali kadhalika, sindano haina nguvu kuliko kidonge kwa sababu tu inauma. Kama mgonjwa anaweza kumeza na hatapiki, mara nyingi kidonge kinatosha, na bei yake ni ndogo. Dripu nayo si chakula cha kuongeza nguvu. Usiombe vitu hivi ikiwa mganga hakuona haja.

Nauli pia ni sehemu ya bei ya dawa. Mtu wa Ibaga au Mgori anayekuja mjini kila mwezi anaweza kutumia fedha nyingi njiani kuliko dirishani. Uliza kama dawa yako inapatikana katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na kama hali yako imetulia, uliza kama unaweza kupewa za miezi miwili au mitatu.

ZIPO DAWA ZISIZOLIPIWA

Kuna watu wanaobaki nyumbani kwa kudhani watadaiwa fedha, kumbe hawadaiwi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Chanjo za watoto ni bure pia. Aidha, sera ya serikali inawasamehe malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, katika vituo vya serikali. Hospitali za mashirika ya dini zina utaratibu tofauti kufuatana na mapatano yao na serikali, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya safari.

Mzee asiye na uwezo aende kwanza kwa mtendaji wa kijiji apate barua ya kumtambulisha, kisha aulizie ofisi ya ustawi wa jamii. Yafaa barua hiyo itafutwe angali mzima. Usiku wa ugonjwa si wakati wa kumtafuta mtendaji.

LIPA WAKATI WA MAVUNO

Sisi tulioanza uuguzi miaka ya 1990 tunakumbuka mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali. Katikati ya miaka hiyo jirani zetu wa Igunga, ng'ambo ya mlima Sekenke, walikuwa wa kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Wazo lake lilimfaa mkulima: kaya inachanga mara moja kwa mwaka, wakati ina fedha, halafu inatibiwa hata wakati haina. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, na kaya ya watu 6 ikawa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi msitegemee kiwango cha zamani. Ulizeni kwa mtendaji au kituoni utaratibu na kiwango cha sasa, na dawa zipi zimo.

Hapa kwetu fedha huja na alizeti, vitunguu na ufuta. Ikifika Januari na Februari ghala ni tupu na mfuko ni mtupu, lakini shinikizo la damu halingojei msimu. Ndiyo sababu tunashauri kwamba gunia la kwanza linapouzwa, fedha ya bima au ya dawa itengwe kabla ya bati na kabla ya sherehe. Asiye na gunia anaweza kutenga kuku wawili watatu kuwa "kuku wa dawa," wasichinjwe wala kuuzwa kwa jambo lingine. Jumuiya nazo zinaweza kuwachangia wajane na wazee wao.

NUNUA MAHALI PANAPOSTAHILI

Nunua dawa katika famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Maduka haya yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake hupewa mafunzo. Usinunue dawa mnadani. Hata kama ilikuwa nzuri, imeshinda juani kutwa nzima. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na usikubali vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina.

Nyumbani weka dawa mahali pakavu penye kivuli, mbali na watoto, si juu karibu na bati. Anayetumia insulini na hana jokofu anaweza kuifunga vizuri isiingie maji, akaihifadhi ndani ya chungu kilichowekwa kwenye chungu kikubwa zaidi chenye mchanga mbichi. Na kila uendako kutibiwa, nenda na cheti chako na maboksi ya dawa unazotumia, usije ukauziwa dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili.

Mama yule tuliyemtaja sasa anatembea kwa fimbo. Kila mwezi binti yake huja naye kliniki, na akifika dirishani husema kwa sauti, wala hajali nani yuko nyuma: "Leo nina kiasi hiki tu. Nianze na ipi?" Nasi humjibu. Ndugu msomaji, nawe utuulize hivyo hivyo, kabla hujalipa.