Chipu Inayoitambulisha RAM kwa Kompyuta

Kompyuta inapowashwa, programu ya kuiamsha, ijulikanayo kama BIOS, hulazimika kuiandaa kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ilhali yenyewe bado haiwezi kuitumia kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana katika prosesa nyingi huanza kazi ndani ya kashe, hifadhi ndogo yenye kasi kubwa iliyomo katika prosesa yenyewe. Wakati huo BIOS haijui ni vipande vingapi vya RAM vilivyochomekwa, vina ukubwa gani wala vinahimili kasi ipi, na hayo yote huyasoma katika chipu moja ndogo iliyopachikwa kwenye kila kipande, kando ya zile kubwa zinazohifadhi data.

Chipu hiyo, ambayo mafundi huiita SPD, haipotezi maandishi yake umeme unapokatika. Katika RAM ya DDR3 hubeba kwa kawaida baiti 256, katika DDR4 baiti 512 na katika DDR5 baiti 1,024, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na mabilioni ya baiti yanayoitegemea. Husomwa kwa nyaya mbili tu, mmoja wa data na mwingine wa mapigo ya saa, kwa utaratibu wa I2C uliobuniwa na kampuni ya Philips. BIOS huita anwani ya kila nafasi kwa zamu, na isipojibiwa huihesabu nafasi hiyo kuwa tupu.

Mpangilio wa baiti hizo umewekwa na JEDEC, chombo kinachosimamia viwango vya chipu. Baiti ya tatu hutaja kizazi cha RAM, ambapo 11 ni DDR3, 12 ni DDR4 na 18 ni DDR5, na nyingine hueleza ukubwa, volteji na muda ambao chipu huhitaji kabla ya kutoa data, huku baiti mbili za uhakiki zikionyesha iwapo maandishi yameharibika.

Jambo linalowapunja wanunuzi wengi ni kwamba kasi iliyochapwa kwenye lebo huenda isiwe ile inayotumika. DDR4 iliyoandikwa 3600 imevuka viwango vya JEDEC, hivyo kasi hiyo huhifadhiwa katika sehemu ya ziada ya SPD, iitwayo XMP, ambayo BIOS nyingi haziifuati mpaka ziamriwe. Aliyelipia kasi hiyo na afungue mipangilio ya BIOS, awashe XMP, kisha athibitishe kwa programu ya CPU-Z kwamba anapata alicholipia.