Mkulima Ana Namba, Mchumaji Je?

Katikati ya michai ya Roret, Kenya, virusi havina pa kujificha. Wachumaji wametawanyika mistarini, kila mtu na kikapu chake mgongoni, na upepo haukomi. Mwenzako akikohoa mstari wa tatu, yaelekea hutapata chochote ila kelele.

Hatari iko senta, kituo cha kupimia majani. Majani yakishachumwa hayangoji. Yakirundikana yanapata joto na kuharibika, basi wote hufika kupima kwa wakati mmoja. Mvua ya alasiri, ambayo huku ni kama jirani asiyebisha hodi, huwasukuma chini ya paa moja la mabati. Lori la kiwanda limekwama kwenye tope. Watu wanapiga soga, bega kwa bega, wakisubiri karani na mizani, na kati yao yupo aliyeamka na homa.

Nakumbuka mwaka 2020. Machi 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini. Shule zikafungwa, kafyu ikaanza saa moja jioni, na waombolezaji wakapunguzwa hadi 15 kwa mazishi. Lakini chai haikujua kafyu. Mvua ilikuwa nzuri, na mwaka huo Kenya ikazalisha zaidi ya kilo milioni 569, ilhali mwaka uliotangulia zilikuwa kama milioni 459. Wakati watu wa mjini wakiambiwa wakae nyumbani, mikono ya huku ilikuwa michaini.

Mikono hiyo ndiyo iliyoelemewa na mahubiri mengi. Mkipsigis akisalimu “Chamgei” hunyoosha mkono. Kuurudisha mfukoni kulionekana kiburi, hasa mbele ya wazee. Vibuyu chirizi vikachipuka milangoni: mtungi wa plastiki, kamba, kijiti cha kukanyaga, kipande cha sabuni. Dawa yenyewe ni sabuni. Kirusi cha korona kimevaa koti la mafuta, na kila aliyewahi kuosha sufuria ya nyama kwa maji baridi matupu anajua mafuta hayatoki hivyo. Sugua sekunde 20, koti linararuka. Vingi vya vibuyu hivyo vilikatika kamba na mitungi ikarudi kuteka maji. Sishangai, maji yenyewe hupandishwa kilima kwa mgongo.

Ila nadhani tulinawa sana na kufungua madirisha kidogo. Korona na homa ya mafua husafiri hasa kwa pumzi, na jioni zetu ni za baridi: mlango umefungwa, familia nzima imezunguka moto, kikombe kimoja kinapita. Aliyeambukizwa korona anaweza kuisambaza siku mbili hivi kabla hajakohoa. Mgonjwa basi alale chumba chake ikiwezekana, dirisha liwe wazi hata kama bibi atanung'unika, awe na kikombe chake, na mtu mmoja tu amhudumie, barakoa usoni. Akianza kuhema kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Surua ni kali zaidi. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na kirusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Hapo barakoa ya kitambaa ni kujifariji. Kinga ni chanjo ya miezi tisa na ile ya miezi 18, ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia. Fungueni kile kijitabu cha kliniki.

Na kubaki nyumbani ukiugua? Kwa mwenye shamba kuna njia. Ana namba yake ya mkulima. Jirani au mwanawe anaweza kuchuma, apime kwa namba hiyo, na kilo ziingie kwenye hesabu yake. Michai haizidi kimo, malipo ya mwezi hayapungui sana.

Kibarua hana namba wala mche. Hulipwa kwa kilo alizochuma yeye, na siku asiyochuma ni sifuri. Tukimwambia apumzike siku tano bila kumwachia hata unga na maziwa, atajifunika shuka, ameze vidonge viwili vya dukani na kuja. Alasiri mvua itanyesha, naye atasimama nasi chini ya mabati, akijizuia kukohoa ili karani asimtazame.